Wasomaji Wauliza: Vitabu vya Kujiendeleza na Kujifunza Kujipenda

Barua za mwezi huu zimetoka zaidi Nyanda za Juu Kusini, na nyingi zinazunguka jambo moja: vitabu vya kujiendeleza vinasomwa sana, lakini msomaji anabaki na maswali ambayo kitabu hakikujibu. Tumechagua saba.

Nimemaliza vitabu saba, bado niko pale pale

*Nauza mitumba Mwanjelwa. Tangu Januari nimemaliza vitabu saba vya kujiendeleza. Ninaposoma najisikia nina nguvu mpya, lakini wiki moja baadaye sikumbuki hata kilichosemwa. Bado naahirisha mambo, na nikikosea kidogo najitukana mchana kutwa. Ninakosea wapi? — Msomaji, Mbeya*

Hukukosea kusoma, umekosea kuhama. Vitabu saba katika muda huo maana yake kila kimoja kilipata wiki chache tu, na tabia haibadiliki kwa mwendo huo. Kusoma habari za kubadilika kuna utamu unaofanana na kubadilika kwenyewe. Utamu ukiisha, mtu anatafuta kitabu kingine, na anayekisoma ni yule yule.

Rudi kwenye vile saba uchague kimoja. Usichague kilichosifiwa zaidi, chagua kinachogusa jambo linalokuuma zaidi. Kwa jinsi ulivyoandika, tunadhani jambo hilo ni kujitukana, si kuahirisha. Mara nyingi mtu huahirisha kwa sababu anaogopa kukosea, na mtu ambaye kila kosa analilipa kwa matusi ya siku nzima ana haki ya kuogopa. Ukipunguza adhabu, woga nao unapungua.

Soma kurasa 5 kwa siku, basi. Kitabu cha kurasa 200 kitakuchukua siku 40. Ukimaliza kurasa hizo, kifunge, uandike kwenye daftari sentensi 3 za ulichokielewa, kwa maneno yako, bila kuchungulia. Ndipo ufungue uone ulichosahau. Hatua hii ndiyo watu wengi huiruka, wakati ndiyo inayofanya jambo likae kichwani. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwalinganisha wanafunzi waliorudia kusoma maandishi na wale waliojilazimisha kuyakumbuka bila kuyatazama. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma ndio walioongoza. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka ndio waliokuwa na mengi kichwani. Kwa hiyo kupigia mstari kila sentensi nzuri kwa kalamu ya rangi ni kazi ya mkono zaidi kuliko ya akili.

Chini ya sentensi hizo 3, mara moja kwa wiki, andika mstari mmoja wa "ikitokea hivi, nitafanya hivi." Uwe wa kazi yako, usiwe wa kitabu. Kwa mfano: "Nikigundua nimemzidishia mteja chenji, nitavuta pumzi mara 3, nitasema 'nimekosea hesabu', kisha nitaandika kiasi hicho kwenye daftari la mauzo." Angalia maneno yaliyochaguliwa. "Nimekosea hesabu" ni habari ya tukio. "Mimi mjinga" ni hukumu ya mtu mzima mzima, na hukumu haikufundishi kuhesabu chenji.

Tena, chora kijistari kwenye kona ya daftari kila unapojikamata unajitukana. Jioni vihesabu. Usishtuke wiki ya kwanza idadi ikipanda kutoka 4 hadi 11. Si kwamba umezidi kuwa mkali, ila sasa umeanza kusikia yale uliyokuwa ukijiambia bila kujua. Kuanzia wiki ya 3 au ya 4 ndipo ulinganishe.

Yanayoharibu zoezi hili tunayajua: kuchukua mazoezi matano kwa mpigo, kuanza kitabu kipya cha kwanza kikifika kwenye sura ngumu, na kunakili maneno mazuri ya mwandishi badala ya kuandika ya kwako. Vile sita vingine vifungie kabatini mpaka siku 40 ziishe.

Kioo kinanivunja moyo

*Ndaga. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Tukuyu. Kitabu kiliniagiza nisimame mbele ya kioo kila asubuhi niseme mara 20, "Mimi ni mzuri, ninapendwa, ninastahili." Nimefanya wiki mbili. Kila nikisema, kuna sauti ndani inajibu, "Mwongo." Natoka nyumbani nikiwa nimeumia kuliko nilivyoamka. Je, mimi siwezi kujipenda? — Mama wa watoto wawili, Rungwe*

Unaweza, Mwalimu. Kilichokushinda ni zoezi hilo, na hauko peke yako. Mwaka 2009 Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti ambapo watu walirudia sentensi ya kujisifu kwamba wanapendeka. Waliokuwa tayari wanajithamini walijisikia nafuu kidogo. Waliokuwa wanajidharau walijisikia vibaya zaidi. Si kila aliyelirudia jaribio hilo baadaye aliyapata matokeo yale yale, lakini wewe umelijaribu mwenyewe wiki mbili, na jibu lako unalo. Ukiilazimisha nafsi imeze sentensi isiyoiamini, inatapika.

Acha kioo. Weka mahali pake sentensi ambayo ile sauti haina pa kuipinga. "Leo nimefundisha vipindi 6 nikiwa na mafua." "Nimechoka na bado sijamfokea mtoto." Hizi ni kweli tupu. Zinaonekana ndogo, lakini zinashika.

Halafu kuna zoezi la barua, ambalo tunaliamini zaidi ya yote katika safu ya leo. Kaa na karatasi dakika 10. Fikiria mwalimu mwenzako, yule unayempenda, amekuja kwako analia: darasa lake la nne limefanya vibaya kwenye hesabu, na mwalimu mkuu amemsema mbele ya wenzake. Mwandikie. Ukimaliza, futa jina lake uweke la kwako, kisha isome kwa sauti ya chini. Wengi hushangaa kuona kwamba maneno ya upole walikuwa nayo siku zote, ila walikuwa wakiwagawia wengine tu.

Barua hiyo iwe na mambo matatu, ambayo mtafiti Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Austin ameyaandikia tangu 2003. La kwanza ni upole badala ya ukali. La pili ni kukumbuka kwamba kukosea na kuumia ni sehemu ya kila mwanadamu, si mkosi wako peke yako. La tatu ni kuliona jambo lilivyo, bila kulikuza na bila kulifukia. Watu hulisahau la pili. Wanajihurumia, lakini wanajihurumia kama mtu aliyetengwa na dunia, na hapo huruma inageuka kuwa upweke.

Kuna makosa mawili ya kuepuka. Barua ikianza kusema "jitahidi zaidi, amka mapema," umeacha kufariji umeanza kukagua; futa. Na ukilia siku ya kwanza, usidhani zoezi limekudhuru. Lakini ukiandika siku 4 na kila siku unatoka ukiwa na giza zaidi, liache, uongee na mtu. Barua ukiisha kuisoma ichane au uifungie mahali, watoto wasiikute kati ya madaftari ya kusahihisha.

Kiingereza kinanipiga chenga

*Kamwene. Niko kidato cha nne, Njombe. Vitabu vizuri vyote ni vya Kiingereza, na nikipata cha Kiswahili hakieleweki. Nifanyeje? — Mwanafunzi*

Kamwene, mdogo wetu. Kabla ya kununua, fungua ukurasa wa katikati uusome wote. Ukikutana na maneno zaidi ya 5 usiyoyajua katika ukurasa mmoja, kitabu hicho kiache kwa sasa. Utakuwa unatafuta maneno kwenye kamusi badala ya kujitafuta wewe. Yakiwa 2 au 3, nunua, na kila ukimaliza aya moja iseme kwa Kiswahili kwa sauti. Usipoweza kuisema, hujaielewa.

Kuhusu tafsiri zisizoeleweka, nyingi zimefanywa na programu bila mtu kuzipitia, nyingine ni nakala za kutoa fotokopi. Angalia nyuma ya ukurasa wa kwanza wenye jina la kitabu: pawe na jina la mfasiri, mchapishaji, mwaka na jina la asili la kitabu. Pasipo na jina la mfasiri, shaka. Hesabu pia kurasa, maana nakala za mtaani huruka sura, na mazoezi mara nyingi yako mwisho wa sura.

Usiamini kwamba fasihi ya kumlea mtu na nafsi yake imetoka ng'ambo. Kitabu cha Samuel Smiles kilichotoa jina la aina hii ya vitabu kwa Kiingereza kilichapishwa London mwaka 1859. Utenzi wa Mwana Kupona, ambao mama alimwandikia binti yake nasaha za maisha, ni wa mwaka 1858. Na Shaaban Robert aliwaandikia watoto wake tenzi za maadili, wa binti na wa mwana. Mwana Kupona aliandika kwa ajili ya mke wa zama zake, na si kila agizo lake utalichukua. Ila ule ustadi wa kuizungumzia tabia kwa Kiswahili kitamu, hapo ndipo ulipo.

Mbeya na Iringa zina maktaba za mkoa chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ukipita huko, ingia. Katika maktaba inayopanga vitabu kwa namba za Dewey, rafu ya kujiendeleza ni 158, na hisia za binadamu ziko 152. Zikumbuke namba hizo mbili, hutazunguka.

Nisome asubuhi au usiku?

*— Msomaji, Makete*

Wakati wowote ambao tayari una jambo unalolifanya kila siku. Usitafute saa, tafuta mahali pa kuegemeza: baada ya kumimina chai, baada ya kufungia kuku. Phillippa Lally na wenzake wa London, katika utafiti uliochapishwa 2010, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya. Tabia ilichukua siku 66 kwa mtu wa katikati kuwa ya kujiendea, lakini wengine walitumia siku 18 na wengine walikadiriwa kuhitaji 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo zile "siku 21" unazozisikia zisikutie aibu.

Jambo moja kwa watu wa Makete na baridi ya Juni na Julai: msisome kwenye chumba kilichofungwa na jiko la mkaa ndani. Hewa yake ya sumu haina harufu, na usingizi unaouhisi ukifikiri kitabu kinachosha unaweza kuwa ndiyo sumu yenyewe. Jifunike blanketi, jiko libaki nje.

Wanasema vitabu vinanifanya mbinafsi

*Naishi Kihesa, Iringa. Tangu nianze kusoma habari za kujipenda nimejifunza kusema hapana. Mume wangu anasema nimekuwa jeuri, na kanisani nimeambiwa kujipenda ni ubinafsi. Shemeji hajaongea nami tangu nikatae kuchangia harusi. Niache vitabu? — Msomaji wa kike*

Usiviache, dada, ila uvisome ukijua vimeandikiwa wapi. Vingi vinatoka Marekani, na mwandishi anapomwambia msomaji awakate watu wanaomrudisha nyuma, anamfikiria mtu mwenye bima, akiba benki na nyumba iliyo mbali na ndugu zake. Huku kwetu shemeji huyo huyo ndiye atakayekaa na wewe wodini. Ukimkata umekata na kamba ya ndoo kisimani. Hii haina maana kwamba uchangie kila kitu mpaka ukose nauli. Maana yake ni kwamba kitabu kimekupa neno "hapana" peke yake, na kwa mila zetu neno hilo halitembei uchi.

Tuligawanye. Kujipenda ni kujua kwamba mahitaji yako nayo yanahesabiwa. Ubinafsi ni kutaka yako tu ndiyo yahesabiwe. Andiko la Mathayo 22:39 linasema, "Mpende jirani yako kama nafsi yako," na kipimo kilichotajwa hapo ni nafsi. Hatukupi mstari huo uushindie mtu kanisani. Tunakupa uutulize moyo wako.

Sasa hesabu. Kaa na mume wako kabla ya mwezi kuanza, mkubaliane fungu la michango. Kama nyumba inaingiza shilingi 300,000 kwa mwezi, labda fungu liwe 30,000. Liandikeni. Mchango ukija, swali halitakuwa tena kama unampenda shemeji, bali fungu limebaki kiasi gani. Hapo mume naye ni mwenye uamuzi, na lile neno "jeuri" linakosa pa kukaa. Tunashuku kilichomuumiza si "hapana" yako, ni kuisikia kwa mara ya kwanza mbele za watu.

Kwa shemeji, rudi mwenyewe, usitume ujumbe wa simu. Anza na heshima, taja unachoweza, taja lini: "Shemeji, shikamoo. Siku ile nilijibu vibaya, naomba unisamehe kwa namna nilivyosema. Mwezi huu sina hela, lakini siku ya harusi nitakuja mapema kusaidia jikoni, na mwisho wa mwezi nitaleta elfu kumi." Umeomba radhi kwa namna, hukuomba radhi kwa kuwa na mpaka. Akikuvuta uongeze, rudia sentensi ile ile kwa upole, usiongeze sababu mpya. Sababu zikizidi zinafungua mjadala.

Ukiona umekuwa ukisema hapana kwa kila mtu na kila jambo, pumzika kidogo. Mara nyingi huo ni uchovu wa miaka unaotoka kwa siku moja.

Je, kipo kitabu cha hali hii?

*Wiki ya tatu sasa sipati usingizi, chakula hakipiti, hata kahawa yetu shambani siioni maana yake. Nalia bila sababu. Nisaidieni jina la kitabu. — Msomaji, Mbozi*

Hatutakupa jina la kitabu, ndugu yetu, kwa sababu tunakujali. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu, pamoja na kuvurugika usingizi na chakula, vikidumu karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, ni dalili ambazo mtaalamu wa afya anapaswa kuziangalia. Wewe uko wiki ya tatu. Nenda wiki hii kwenye kituo cha afya au hospitali ya wilaya, useme maneno hayo hayo uliyotuandikia, bila kuyapunguza. Wengi wakifika wanasema "kichwa kinauma tu" na wanarudi na vidonge vya maumivu. Mwombe mhudumu wa afya akuelekeze ikihitajika kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya. Nenda na mtu.

Kama umewahi kuwaza kwamba bora usiwepo, usisubiri kesho na usilale peke yako leo. Mwambie mtu wa nyumbani sasa hivi, na dawa za shambani ziondolewe zikae kwa jirani.

Kitabu kina nafasi yake. Uingereza, tangu 2013, upo mpango ambapo daktari anaweza kumwelekeza mtu kwenye vitabu fulani vya maktaba. Lakini hiyo ni kwa hali nyepesi, na huenda sambamba na tiba. Mtu asiyelala wiki tatu hana nguvu za kusoma kurasa 5, na akishindwa atapata sababu nyingine ya kujilaumu.

Tunataka kusoma kwa kikundi

*Tuko wanawake tisa wa VICOBA, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, Uyole. Tuna kitabu kimoja tu, na wawili kati yetu hawajui kusoma vizuri. Inawezekana? — Katibu wa kikundi*

Inawezekana, na kitabu kimoja kinatosha. Someni kwa sauti, kwa zamu, kurasa 4 hadi 6, mwisho dakika 20. Asiyesoma vizuri asipewe zamu ya kusoma, apewe zamu ya kusimulia kilichosomwa. Kumbukumbu yake mara nyingi itawazidi nyote, na kikundi kitamwona upya. Dakika 30 zinazofuata kila mmoja aseme jambo moja atakalolijaribu wiki hii, na jinsi la wiki iliyopita lilivyokwenda, hata kama halikwenda. Watu tisa kwa dakika 3 ni dakika 27, kwa hiyo mtu mmoja ashike saa.

Siku ya kusoma isiwe siku ya marejesho ya mikopo. Mwanamke anayedaiwa hawezi kufungua moyo mbele ya anayemdai, atakaa kimya au hatakuja. Wekeni siku tofauti, hata kama ni mara mbili tu kwa mwezi.

Kubalianeni mapema kwamba yanayosemwa hapo hayatoki, na kwamba hakuna anayelazimishwa kusema ya ndani ya ndoa yake. Siri ikivuja mara moja, kikundi cha kusoma kitavunjika, na huenda kikavuta na cha fedha. Mwenye jambo zito, kama kupigwa nyumbani, msimshauri kwa sura ya kitabu. Mtu mmoja amsindikize ustawi wa jamii au dawati la jinsia polisi.

Kitabu chenyewe kiwekewe jalada la nailoni, maana kwa mvua za Uyole na mikono tisa, kurasa za mwanzo zitaachia kabla hamjafika katikati.